Ulianzia Kigingi Gani?

Dalili ya mvua ni mawingu, na Jumatano ile mawingu yalikuwa tele. Ila aliyependa hatazami juu. Bi Mvuto alipanda ngazi hadi ghorofa ya tatu akiimba kimoyomoyo. Kesho yake mchumba wake angesimama mbele ya jopo kueleza kazi yao ya miaka miwili. Jumamosi wazee wa mchumba wangefika kwa baba yake kuzungumza habari ya ndoa. Katikati ya siku hizo mbili alikuwa amejiwekea Ijumaa ya kutengeneza nywele. Binadamu bwana, hupanga.

Jina la Bi Mvuto alipewa na wenzake wa idara, na halikutokana na uzuri wake, ingawa walikuwepo wanaume wawili watatu waliodai hivyo. Lilitokana na kazi. Yeye ndiye aliyeandika programu ya kompyuta inayojenga ulimwengu kwa sheria ya zamani ya mvutano: kila kitu hukivuta kila kitu, na mvuto ukianza huku umeshafika kule papo hapo, hata kama kule ni mwisho wa dunia zote. Aliyekaa meza ya mbele yake walimwita Mkunjo. Huyo aliandika programu ya sheria mpya, ile ya uhusianifu, ambayo haina habari ya mkono unaovuta. Kitu kizito hukunja nafasi na wakati, vitu vingine vikafuata mkunjo, na habari ya mkunjo huo haisafiri kwa kasi kubwa kuliko mwanga.

Mkuu wa idara aliwaweka chumba kimoja, meza zimetazamana, migongo ya kompyuta inagusana, akawapa swali moja. Mtu akitaka kuujenga ulimwengu mzima ndani ya kompyuta, sanduku ambalo kila upande wake ni mabilioni ya miaka ya mwanga, je, sheria ya zamani yenye gharama ndogo itamtosha au itamdanganya?

Akawawekea na mwiko. Hakuna kufungua programu ya mwenzako, hakuna kuulizana habari ya kazi, mpaka majibu ya pande zote mbili yafungwe na yeye mwenyewe auondoe mwiko. Mzee yule aliogopa jambo moja tu maishani, kwamba wataalamu wawili wakichunguliana, majibu yao yatafanana kwa kuoneana aibu. Kitu pekee walichoshirikiana kilikuwa faili la mwanzo, lililoeleza jinsi mata, vumbi la mwanzo, ilivyotawanyika wakati ulimwengu ungali mchanga. Faili hilo alilitengeneza Bi Mvuto. Programu mbili zilianza na faili moja, kwa hiyo idara nzima iliziita zile dunia mbili mapacha.

Sasa waweke mwanamume na mwanamke chumba kimoja miaka miwili, uwakataze kuzungumza habari ya kazi, kisha ushangae wamezungumza nini. Walianza na sukari kwenye chai. Wakaja kwenye ndugu, shule, ndoto, hofu. Mkunjo alikuwa na macho ya taratibu, ya mtu anayesikiliza hata ukinyamaza, na Bi Mvuto alikuwa hajawahi kusikilizwa namna ile.

Siku moja walikuwa wamekaa kwenye ngazi wakinywa chai, Mkunjo akamwambia kwamba mapenzi ya sheria ya zamani hayana raha. "Kwa sheria yako, jua likitoweka leo, dunia inajua sekunde hiyo hiyo," alisema. "Kwa sheria yangu, itaendelea kulizunguka dakika nane nzima. Ndipo habari iifikie."

"Kuzunguka kitu ambacho hakipo?"

"Na kwa furaha kabisa," alisema Mkunjo, akacheka. Bi Mvuto naye alicheka. Aliipenda sana hadithi ile, hata akamsimulia shangazi yake.

Majibu yalipofungwa, mambo yakaenda mbio. Kwenye umbali mdogo, wa galaksi na makundi yake, mapacha walilingana sawasawa. Kwenye umbali mkubwa kabisa wakaachana kwa asilimia kumi na mbili. Watu walitazamia isizidi moja. Mkuu wa idara alivua miwani, akaifuta, akaivaa, akaitazama tena grafu. Habari ikatembea. Likaundwa jopo la kumsikiliza Mkunjo, na nyuma ya jopo ilikuwepo ajira ya kudumu iliyomsubiri. Jumanne moja, saa kumi jioni, kwenye ngazi zile zile, Mkunjo akamshika Bi Mvuto mikono yote miwili akamwomba wafunge ndoa, na tena iwe mapema. Viganja vyake vilikuwa vimelowa jasho. Hadithi hiyo shangazi alishaisikia mara nne, na kila mara jasho liliongezeka.

Tatizo lilikuwa baba.

Baba yake Bi Mvuto alikuwa mpima ardhi, mstaafu sasa, na kustaafu kwake hakukuwa kwa hiari. Zamani alifanya kazi na baba yake Mkunjo. Walipima pamoja mtaa mzima wa viwanja, huyu upande huu, yule upande ule. Baba yake Mkunjo alianza kupima kwenye kigingi kisicho chake. Aligundua, akanyamaza mwezi mzima, akiomba Mungu asitokee mtu wa kupima upya. Watu wakajenga. Nyumba kumi na moja zikaja kubomolewa, na jina lililoandikwa chini ya ramani lilikuwa la baba yake Bi Mvuto. Leseni ikaenda, na heshima nayo ikafuata.

Ndiyo maana binti alipolitaja jina la ukoo ule nyumbani, miezi mingi kabla ya Jumanne ile, mzee aliweka gazeti chini akasema maji hufuata mkondo. Binti alilia. Shangazi aliingilia kati, akapandisha sauti, akashusha, akasusa chakula siku mbili, ingawa jikoni alionekana. Ilichukua miezi mzee kulegea. Hatimaye alikubali kwamba mtoto hachukui kesi ya baba yake, akaruhusu wazee waje.

"Kosa si neno, mwanangu," alimwambia siku hiyo. "Hata mimi nimekosea mara nyingi. Kilichonimaliza ni ule mwezi."

Jumapili iliyopita Bi Mvuto alimkuta baba yake uani akifuta viti sita alivyoazima kwa jirani kwa ajili ya ugeni. Akamweleza habari za mapacha, jinsi mistari miwili inavyokwenda pamoja kisha ikaachana. Mzee alisikiliza huku akifuta mguu wa kiti.

"Mlianzia kigingi kimoja?" aliuliza.

"Kimoja, baba. Faili moja."

"Na wote wawili mlikisoma kwa kamba moja ya kupimia?"

Bi Mvuto alicheka, akamwambia kule hakuna kamba. Mzee hakubisha. Alisema tu kwamba watu wawili wakigombania mpaka, yeye hakuwahi kuwauliza nani mkweli, aliwauliza wameanzia wapi. Kicheko cha Bi Mvuto kilikaa hadi Jumatatu, kisha kikakauka. Swali la baba likabaki likimkereketa kama mbegu ya tunda kwenye jino.

Basi Jumatano ile, saa nane mchana, mwiko ukaondolewa rasmi. Mkuu wa idara aliwafungulia kila mmoja programu ya mwenzake ili watengeneze picha za kesho. Mkunjo alikuwa ametoka kuchukua chai. Kitu cha kwanza ambacho Bi Mvuto alikitazama kilikuwa pale programu ya mchumba wake inapolisoma faili la mwanzo. Alitaka tu kumjibu baba yake.

Hapa msomaji anivumilie kidogo, maana ndoa nzima ilikuwa inaning'inia hapa. Kwa sheria ya zamani, ulimwengu wote una saa moja. Ikigonga huku imegonga na kule. Kwa sheria mpya kila mahali pana saa yake, na ukisema "wakati ule" sharti useme ni wakati ule kwa saa ya nani. Faili la Bi Mvuto lilipimwa kwa saa za vumbi lenyewe, lile linaloelea angani bila kusukumwa na kitu. Programu yake haikujali, kwake saa ni saa. Programu ya Mkunjo ilitumia saa za aina nyingine, kwa hiyo faili lilipaswa kugeuzwa kwanza. Kwenye umbali mdogo tofauti ya saa hizo ni kitu cha kupuuza. Kwenye umbali wa mabilioni ya miaka ya mwanga, haipuuziki.

Na halikugeuzwa. Bi Mvuto alidhani Mkunjo atageuza upande wake. Mkunjo alidhani amepewa lililokwisha kugeuzwa. Swali ambalo watu wengine wangeulizana kwenye korido wakiwa na vikombe mkononi, wao walikuwa wamekatazwa kuulizana. Walijua yote kuhusu mioyo yao, hawakujua hilo.

Mapacha hawakuwa mapacha. Ile asilimia kumi na mbili haikutoka kwenye ulimwengu, ilitoka kwenye saa mbili.

Ajabu ni kwamba wakati huo hakuogopa. Alishika shavu, akatikisa kichwa, akajua watachekwa. Wataenda kwa mkuu wa idara pamoja, watanuna pamoja, watarudia kazi pamoja. Hata alitabasamu akifikiria jinsi baba yake atakavyofurahi kusikia kwamba kule nako kuna kamba. Akaona afanye jaribio dogo, aligeuze faili aone mistari inakaaje. Akafungua sehemu ya majaribio ya Mkunjo, folda iliyoandikwa "mengineyo", ili aazime maandalizi yake.

Jaribio lilikuwa limeshafanywa.

Grafu ilikuwa moja tu. Faili limegeuzwa vizuri kabisa, kwa mkono wa mtu anayejua anachofanya, na mistari miwili ilikwenda pamoja toka mwanzo hadi mwisho, tofauti isiyofika hata asilimia moja. Kwenye pembe palikuwa na siku na saa. Bi Mvuto alisoma mara mbili. Ilikuwa Jumanne ile, wiki tatu nyuma, saa nne na dakika kumi asubuhi.

Mlango ulifunguliwa, Mkunjo akaingia na vikombe viwili.

"Nasikia mwiko umeanguka," alisema kwa furaha.

Bi Mvuto aliigeuza skrini imtazame. Mtu aliyeshtuka humwaga chai. Mkunjo hakumwaga hata tone. Aliweka kikombe kimoja mezani, akaweka cha pili, akavuta kiti, akakaa. Hapo ndipo Bi Mvuto alipoanza kuogopa.

"Nilitaka nikuambie," alisema Mkunjo.

"Lini?"

"Baada ya kesho."

"Hii ni ya Jumanne ile. Saa nne asubuhi."

"Ndiyo."

"Saa kumi ulinishika mikono pale kwenye ngazi."

Mkunjo aliinamisha kichwa. Alipoinua uso, macho yalikuwa yale yale ya taratibu.

"Yote mawili ni kweli," alisema. "Niligundua asubuhi ile nikaona kila kitu kinaondoka. Kazi, baba yako, wewe. Nikashika kilichokuwa karibu."

"Kilichokuwa karibu ni mimi."

"Ndiyo, wewe. Ulitaka nimshike nani?"

Ingekuwa siku nyingine Bi Mvuto angecheka. Alimuuliza kwa nini hakusema, wiki tatu zote, chai tatu kwa siku, meza zimegusana. Mkunjo alieleza, na alieleza vizuri, maana ndivyo alivyo. Kila mwaka watu hutoa matokeo, mwaka unaofuata wakayasahihisha, hakuna anayefungwa. Angepata kwanza ajira. Wangeoana. Baada ya miezi sita wangeandika masahihisho wakiwa mtu na mkewe, na dunia ingewapongeza kwa ukweli wao. Yeye hakuiba, hakuongeza namba, alichelewa tu kusema.

"Hakuna nyumba itakayobomolewa," alimalizia.

Bi Mvuto alimtazama. Maneno hayo hakuna aliyemlazimisha kuyachagua.

"Kwa hiyo ulimfikiria baba yako," alisema.

"Kila siku."

"Na bado ukanyamaza."

Mkunjo alizunguka meza, akachuchumaa kando ya kiti chake, akaanza kunyoosha mkunjo wa mkono wa blauzi yake kwa kidole, polepole, kama alivyozoea.

"Na kuna jambo jingine hujalifikiria," alisema kwa sauti ya chini. "Faili lile lina jina lako, siyo langu. Wakiuliza nani alilitengeneza, nitawaambia nini? Wiki tatu hizi nimekuwa nikikulinda, mpenzi. Hujui tu."

Alisema kwa upole, na kidole hakikuacha kunyoosha. Bi Mvuto aliyatafuta mapenzi machoni mwa mtu huyu akayaona. Hilo ndilo lililomtisha zaidi. Yalikuwepo, mazima, hayajapungua, na yalikuwa yanamtishia.

"Twende kwa mkuu sasa hivi," alisema. "Wawili. Nitaanza mimi, nitasema faili ni langu."

"Hapana, niachie mimi."

"Utasema?"

"Kesho, mbele yao wote. Mtu akijisahihisha mwenyewe mbele ya watu, hiyo ni heshima. Akipelekwa ofisini kwa mkuu, ni kesi." Alimshika mikono yote miwili, kama siku ile. "Weka grafu hii kama picha ya pili nyuma ya ile ya kwanza, iwe ya mwisho. Nitabonyeza mara moja, nitaeleza. Utakuwa umekaa pale mbele unaniona."

"Niahidi."

"Naahidi."

Viganja vyake safari hii vilikuwa vikavu. Bi Mvuto alijilazimisha kuona kwamba hiyo ni dalili njema. Kwa mkono wake mwenyewe aliiweka picha ya pili mwishoni mwa maonyesho, akahifadhi, akamkabidhi Mkunjo flashi. Mkunjo alimbusu kwenye paji la uso, akanywa chai yake yote. Ya Bi Mvuto ilipoa ikafanya utando juu.

Jioni alimkuta baba yake anapanga viti sebuleni, kuona kama sita vitaenea bila kusogeza kabati. Mzee alimtazama usoni kwa muda mrefu kidogo kuliko kawaida, kisha akamuuliza habari ya kigingi.

"Kesho, baba," alisema. "Kesho atasema mwenyewe."

Mzee hakuuliza nani wala nini. Alikisogeza kiti cha mwisho ukutani, akasema hapo panafaa. Usiku Bi Mvuto aliyarudia maneno ya mchumba wake moja moja. Aliyapima kila upande na kila mara akapata kwamba yanaweza kuwa ya kweli. Mtu aliyependa ni hodari sana wa hesabu hizo.

Alhamisi saa tatu asubuhi ukumbi ulijaa. Watu watano wa jopo walikaa safu ya mbele, na mkuu wa idara pembeni yao, miwani tayari puani. Bi Mvuto alikaa safu ya pili. Mkunjo alivaa shati la bluu ambalo wawili hao walilichagua pamoja, na alipoanza kusema, ukumbi ukatulia.

Alikuwa hodari. Hata sasa, pamoja na yote aliyoyajua, moyo wa Bi Mvuto ulijaa fahari. Mkunjo aliwaeleza jinsi sheria mbili zinavyokubaliana kwenye sayari, kwenye nyota, kwenye galaksi, na jinsi mtu anavyoweza kuishi maisha yake yote asione tofauti. Kisha akawapeleka mbali, mahali ambapo mvuto wenyewe unachelewa kufika na saa hazikubaliani. Hapo Bi Mvuto alikaza vidole. Neno lenyewe Mkunjo alikuwa amelitaja, saa, lilikuwa limetoka kinywani mwake. Ikaja grafu ya kwanza. Mistari miwili ilikwenda pamoja, ikaachana. Watu wakanong'ona.

Mkunjo alisimama, rimoti mkononi, kidole gumba juu ya kitufe. Akamtazama Bi Mvuto. Ulikuwa mtazamo mrefu, na ndani yake palikuwa na chai yote waliyokunywa pamoja, ngazi, hadithi ya jua, miaka miwili. Bi Mvuto alimwitikia kwa kutikisa kichwa, kidogo sana. Bonyeza, mpenzi. Mkunjo akatabasamu, lile tabasamu la Jumanne.

Akaiweka rimoti mezani.

"Asanteni kwa kunisikiliza," alisema. "Kama kuna maswali."

Mikono michache ilianza kupiga makofi, mingine ikafuata. Bi Mvuto alisubiri yaishe. Baadaye hakukumbuka kwamba alisimama. Alichokumbuka ni sauti yake mwenyewe, ilivyokuwa tulivu, kama ya mtu anayeuliza bei.

"Faili la mwanzo lilipimwa kwa saa ya nani?"

Mkuu wa idara aligeuka akacheka. "Binti, faili si ulitengeneza wewe? Wewe ndiye wa kutuambia."

"Lilipimwa kwa saa za vumbi," alisema Bi Mvuto. "Programu ya mwenzangu inataka saa nyingine, na faili halikugeuzwa. Sikuandika popote kwamba halijageuzwa. Kosa hilo ni langu, liandikwe kwa jina langu. Hiyo asilimia kumi na mbili haipo. Kuna picha moja imebaki. Naomba abonyeze."

Mkunjo hakuigusa rimoti. Mkuu wa idara aliinuka mwenyewe, akaichukua, akabonyeza. Skrini ikawa nyeusi, na katikati yake maneno madogo meupe yakasema kwamba maonyesho yamekwisha. Picha haikuwepo. Bi Mvuto alikuwa ameiweka kwa mkono wake, na kati ya jana na leo, mkono mwingine ulikuwa umeiondoa.

"Wewe ulilijua jambo hili?" mkuu wa idara alimuuliza Mkunjo.

"Ndiyo kwanza nalisikia," alisema Mkunjo. Sauti ilikuwa nzuri kama kawaida, na ilikuwa na huzuni ndani yake. "Nimesikitika tu kwamba mwenzangu hakuniamini kiasi cha kuniambia mapema."

Vichwa vitano vya jopo vilimgeukia Bi Mvuto. Aliona huruma kwenye nyuso mbili, na kwenye nyingine tatu aliona lile jicho la shutuma ambalo baba yake aliwahi kumsimulia. Kwa mara ya kwanza alielewa ramani ile yenye jina la baba yake chini.

"Kompyuta kuu huandika kila kazi inayotumwa," alisema. "Huandika siku, saa na jina la aliyeituma. Tazameni Jumanne ya wiki tatu zilizopita, saa nne asubuhi."

Akakaa. Mkuu wa idara alichukua kalamu akaandika siku na saa ile kwenye karatasi yake, polepole, halafu akapiga mstari chini yake. Mkunjo alikuwa anautazama mlango.

Bi Mvuto alitoka kabla hawajamaliza. Alifika kwenye ngazi, akakaa, akampigia baba yake simu.

"Baba. Vile viti."

"Vimefanyaje?"

"Virudishe kwa jirani."

Alisikia kiti kimoja kikivutwa sakafuni na mzee akikaa. Alisubiri aambiwe kwamba alionywa. Shangazi angemwambia, na angekuwa na haki.

"Ilikuwa mwezi?" aliuliza baba.

"Wiki tatu."

Mzee alishusha pumzi. "Na la kwako umelisema?"

"Nililitanguliza."

"Basi njoo nyumbani, mwanangu."

Simu ilikatika. Bi Mvuto alibaki pale pale, kwenye ngazi ile ile, na alishangaa kwamba halii. Macho makavu, mikono haitetemeki, moyo unapiga kama siku zote. Na midomo yake, bila kutumwa na mtu, ilikuwa inaimba ule wimbo wa jana. Alipojisikia anaimba alinyamaza. Akazikumbuka zile dakika nane za jua lililotoweka. Akainua uso kutazama saa ya ukutani, akangoja.